"Seva Pepe" na "Seva Halisi": Uhakiki wa Istilahi Mbili

Miongozo ya kompyuta inayoandikwa kwa Kiswahili imeongezeka, na pamoja nayo yameongezeka maneno ambayo hayajapimwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mfasiri wa ofisi ya serikali hawezi tena kujificha nyuma ya Kiingereza kila akutanapo na jambo gumu. Katika makala haya twataka kuhakiki jozi moja ya istilahi iliyokwisha kuingia katika maandishi ya wataalamu, nayo ni seva pepe na seva halisi; kisha tutayagusa maneno yanayotumika kuutaja mfumo mmoja unaozisimamia zote mbili. Mifano yetu tutaitoa Shinyanga na Geita, nchi ya mpunga na dhahabu, ambako maneno haya yanakutana na maana nyingine zilizotangulia kufika.

Kwanza jambo lenyewe. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: hutunza kumbukumbu, hupokea maombi na kuyajibu. Zamani kila kazi ilipewa seva yake, na aghalabu sehemu kubwa ya nguvu ya seva hiyo ililala bure. Dawa yake ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikwisha kuigawa kompyuta moja kubwa ifanye kazi kama kompyuta nyingi, na mwaka 1972 ikautangaza mfumo wa VM/370 kwa wateja wake. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ikalileta jambo hilo katika kompyuta za kawaida. Xen, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, ikatoka mwaka 2003. Na KVM ikaingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Leo chuma kimoja chaweza kubeba seva kumi au zaidi, kila moja na mfumo endeshi wake, kila moja ikijiona iko peke yake. Hata hivyo kuna kazi ambazo bado hupewa chuma kizima. Ndipo ikazuka haja ya mfumo ambao afisa ataketi mbele yake na kuziona seva zote katika orodha moja. OpenStack, iliyoanza mwaka 2010, ina sehemu iitwayo Ironic kwa ajili ya vyuma, ili viombwe na kugawiwa kwa njia ile ile inayotumika kwa seva zilizomo ndani ya vyuma.

Sasa tuje kwenye pepe. Neno hili lilipata heshima kwa barua pepe, na huko hatuna ugomvi nalo. Barua inayofika bila mkono wa tarishi yastahili jina linalomkumbusha msikilizaji upepo na kasi. Lakini pepe ikang'olewa huko na kupachikwa penginepo, katika uhalisia pepe, sarafu pepe na mashine pepe, bila mtu kuuliza kama maana imesafiri pamoja nayo. Kamusi zetu zinalo neno pepe, wingi wake mapepe, yaani punje ya nafaka isiyo na kitu ndani. Mkulima wa mpunga wa Kahama hahitaji kamusi hiyo. Akishapura, hupepeta, punje nzito hubaki, mapepe huchukuliwa na upepo. Mtoto wake aliyeajiriwa na halmashauri akiambiwa kwamba kumbukumbu za wagonjwa zimo katika seva pepe, ameambiwa nini?

Neno la Kiingereza linalofasiriwa hapa lina asili ya Kilatini virtus, yaani nguvu au uwezo. Katika kompyuta lataja kitu chenye kazi na athari zote za kitu kingine bila kuwa na umbo lake. Mfasiri amechukua kukosekana kwa umbo, akaiacha nguvu njiani. Wapo waliopendekeza dhahania, na hilo twaliona baya zaidi. Jambo la dhahania limo kichwani mwa mwenye kulifikiri; seva hii hutumia umeme, hujaa, na ikikwama foleni ya dirishani haisogei.

Halisi ina kasoro ya aina yake. Kinyume cha halisi katika Kiswahili ni bandia. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hakuna neno linalolindwa kuliko hili: dhahabu ni halisi au si dhahabu. Hakuna daraja la kati. Ukiiita seva ya chuma kuwa seva halisi, umekwisha kuihukumu ile nyingine kabla msomaji hajageuza ukurasa.

Tutoe mfano wa kubuni ili uzito wa jambo uonekane. Halmashauri ina vyuma vitatu, na ndani yake mna seva kumi na nne. Daftari la mali za kudumu litaonyesha vitatu, vyenye namba zilizobandikwa ubavuni. Zile kumi na nne hazina pa kubandika namba. Fundi apewe mwongozo usemao: "Hakikisha seva halisi zote zina nakala rudufu." Akiutii neno kwa neno, atashughulikia mipangilio ya vyuma vitatu na kwenda nyumbani, na hali leseni za biashara na kumbukumbu za ardhi zimo katika zile nyingine. Siku diski zikiungua, hakuna mkaguzi atakayeweza kumlaumu kwa kutojua kusoma.

Je, wachimbaji wanatufundisha nini? Katika machimbo madogo kama ya Nyarugusu, mwenye leseni ni mmoja, lakini katika eneo lake yamo maduara mengi, na kila duara lina mwenyewe na kundi lake la wafanyakazi. Mwenye duara hujiendeshea mambo yake, ila ardhi ni ya pamoja, na leseni ikifutwa wote wameondoka. Uhusiano ni ule ule wa chuma na seva zilizomo, wala hapana mchimbaji atakayesema kwamba duara si halisi kwa sababu leseni ni ya mtu mwingine. Hatupendekezi kulichukua neno duara, maana walimu wa hisabati wamelitangulia. Mwalimu wa kompyuta aliyeko Geita atautumia mfano huo akitaka. Sisi twachukua uhusiano peke yake, na neno lake lipo mjini: mpangaji.

Seva mpangaji, basi, kwa muundo ule ule wa fundi mchundo na askari kanzu. Wingi wake ni seva wapangaji, na upatanisho ubaki wa seva: seva wapangaji zimezimwa. Mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake, hulipa, na aweza kuhama na vyombo vyake kwenda nyumba nyingine, jambo ambalo seva hizi hulifanya hata zikiwa kazini. Kiingereza humwita mgeni, lakini mgeni wa Kiswahili hukaa siku mbili bila kazi, na seva hii hushika jembe tangu saa ya kwanza. Ile nyingine tuiite seva ya chuma. Kila seva ya chuma yenye wapangaji ni seva mwenyeji. Isiyo nao yabaki seva ya chuma tu. Tofauti hiyo seva halisi haikuweza kuionyesha.

Kuhusu mfumo unaozisimamia zote, tumekutana na mfumo jumuishi, mfumo unganishi na usimamizi wa pamoja. Jumuishi imekwisha kushikwa na elimu jumuishi, na mwalimu atadhani habari ni ya walemavu. Unganishi yadokeza kwamba seva zenyewe zimeunganishwa, kumbe kila moja iko mbali na mwenziwe. Usimamizi wa pamoja ni wa wasimamizi wengi, na hapa msimamizi ni mmoja. Usimamizi mmoja watosha. Udogo wake usitutie haya.

Palipo hatari zaidi ni katika kitenzi kufuta, kinachokaa mbele ya kila mstari wa orodha hiyo moja. Kumfuta mpangaji ni kumwondoa yeye na vyote alivyo navyo. Kuifuta seva ya chuma ni kusafisha diski, na chuma chabaki chumbani. Kuifuta katika orodha ni kuliondoa jina, na seva yaendelea kufanya kazi bila mtu kuiona. Kitufe kimoja kisibebe mambo matatu. Twapendekeza teketeza kwa la kwanza, safisha kwa la pili na toa orodhani kwa la tatu. Teketeza ni neno kali, na ndiyo sababu twalitaka: afisa asite kidogo kabla ya kubonyeza.

Limebaki neno la ile programu inayowagawia wapangaji nguvu za chuma. Nyapara yalingana na kazi hiyo barabara, lakini wazee waliokatwa mkonge chini ya manyapara wangali hai, na hatungependa kuwarudishia jina hilo kwa mlango wa kompyuta. Dalali yavutia, ila dalali huondoka akishapokea chake. Kwa sasa twaandika haipavaiza, na msomaji wa Kahama au Geita aliyesikia mafundi wakilitaja kwa jina jingine atuandikie.