Kuitambua Kazi Safi ya Kuelekeza Anwani za Tovuti

Kabla hujapokea kazi ya fundi aliyehamisha tovuti yako, andika amri ya curl -IL, kisha anwani ya zamani yenye http na www. Hesabu majibu. Kazi safi hujibu mara mbili tu: 301, halafu 200. Kazi ya kulipua hukuzungusha: mara https, mara www iondolewe, mara mkwaju (/) uongezwe mwishoni. Kila hatua ni safari nyingine hadi kwenye seva, na mwenye simu yenye mtandao hafifu ndiye anayeumia. Hatua ya ziada naikubali kwa anayetumia HSTS, agizo la kulazimisha https, kwa kuwa lazima aingie https kwanza kwenye jina lilelile.

Tazama pia namba. 301 ni kuhama kabisa, na kivinjari hukumbuka. Ukikosea, mgeni ataendelea kupotezwa hata ukishasahihisha. Ndiyo maana fundi makini hujaribu kwanza kwa 302, ya kuhama kwa muda. Penye fomu inayotumwa kwa POST nadai 308, maana 301 huigeuza kuwa GET na alichojaza mteja hupotea.

Lakini ubora hasa huonekana kanuni za kuelekeza zinapohama mazingira. Mod_rewrite ya Apache, aliyoiandika Ralf Engelschall mwaka 1996, huondoa mkwaju wa mwanzo inaposoma .htaccess. Kanuni ya ^/habari iliyofanya kazi vizuri ndani ya VirtualHost haitalingana na chochote ndani ya .htaccess. Anayeijua kazi huandika ^/?habari, ikafaa pote pawili. Nginx haisomi .htaccess kabisa, huko natafuta return 301 fupi, na nikikuta rewrite ndefu mahali pake najua mtu amenakili bila kuelewa.

Palipo na proksi inayopokea https na kuongea na Apache kwa http, sharti la kwamba HTTPS ni off hutimia kila mara, na tovuti huzunguka mpaka kivinjari kikate tamaa. Aliyebobea husoma kichwa cha X-Forwarded-Proto, tena inayotoka kwa proksi anayoiamini tu.

Mwisho, tafuta jina la domeni ndani ya faili la kanuni. Likirudiwa katika kila kanuni, anayejaribu kwenye seva ya majaribio atatupwa kwenye tovuti halisi bila kujua, na anaweza kufuta oda za wateja wa kweli. Jina likae mahali pamoja, kwenye mipangilio ya kila mazingira. Apache ina Define kwa kazi hiyo. Faili lisilofanya hivyo, usilipokee.