Mistari ya Sentensi

Kutambua aina za maneno, yaani kulitaja kila neno kwa kazi yake katika sentensi, ni ufundi unaohitaji jicho kali zaidi katika Kiingereza, kwa sababu neno la lugha hiyo mara nyingi halivai alama ya ukoo wake. Mswahili huongozwa na viambishi, vile vipande vinavyopachikwa kwenye mzizi, hata cheza, mchezo na mchezaji yakajitambulisha kabla hayajaulizwa. Neno round, kwa upande wake, huweza kuwa nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi au kihusishi bila kubadili herufi hata moja.

Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walimu wa Brooklyn nchini Marekani, walitoa mwaka 1877 kitabu Higher Lessons in English, kilichoeneza uchanganuzi wa sentensi kwa michoro. Mstari mlalo ulibeba kiima, yaani kinachozungumziwa, na kiarifu, yaani kinachosemwa juu yake, na baina yao ulisimama mstari wima ulioukata mlalo na kupita chini yake. Ule uliotenga kitenzi na yambwa, yaani mtendwa, uliishia juu ya mlalo bila kuuvuka, na katika tofauti hiyo ndogo ya chaki mtoto alijifunza kwamba mpaka mmoja ni mkubwa kuliko mwingine.

Humo round lilipata makao. Likiwa kitenzi, lilikaa baada ya mstari wima. Likiwa kivumishi, lilining'inia kwenye mshazari chini ya nomino. Likiwa kielezi, kwenye mshazari kama huo chini ya kitenzi. Na likiwa kihusishi, mshazari wake ulishika mguuni mlalo mdogo wenye nomino iliyoongozwa nalo.

Mwaka 1985 Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza la Marekani lilipitisha azimio la kupinga mazoezi ya sarufi ya kurudiarudia yasiyofungamana na uandishi, na hoja hiyo haikuwa tupu, kwani mchoro nao huweza kuchorwa bila kufikiri. Hata hivyo, pamoja na mazoezi hayo iliondoka subira ya kusimama mbele ya ubao na kuliuliza neno limetundikwa chini ya lipi. Leo mstari uliobaki ni ule wa rangi ambao programu ya kompyuta huupiga chini ya kosa, na mwandishi huufuta kwa kugusa kitufe, asijue neno lake lilikuwa linaning'inia wapi.