Shukrani kwa Watunza Vivuli

Tangu mwaka 1948, serikali ya India ilipoasisi idara yake ya filamu mjini Bombay, wamekuwapo mafundi wasioonekana wao wenyewe pichani, ambao huchukua kamera na vinasa sauti hadi vijijini, wakiisikiliza dhiki ya mkulima na mfumaji kabla ya kuinasa. Kwa mfano, katika jimbo la Kerala, kwenye mchezo wa vivuli uitwao tholpavakoothu, vikaragosi vya ngozi huchezeshwa usiku nyuma ya pazia kwa nuru ya taa 21 za mafuta. Na kwa kuwa taa kali ikiwashwa vivuli hufifia, fundi anayeunasa mchezo huo hana budi kustahimili giza, akiulinda mwanga ule hafifu na sauti ya mghani. Lau si subira yao, mengi yangalizikwa pamoja na walioyajua. Deni la shukrani kwao tunalo.