Kigezo Kisichotoa Kitu na Matini Iliyonyamazishwa
Katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia ya Kiswahili, msimbo huzimwa kwa njia mbili. Alama za ufichaji za HTML hukoma kwenye alama ya kwanza ya kufunga, hivyo haziwekwi moja ndani ya nyingine. Kigezo kisichotoa kitu huzimeza zote, mradi mabano yalingane. Yasipolingana, yaliyofichwa humwagika ukurasani. Ustadi huo husifiwa kupita kiasi. Kilichozimwa hakionekani kwa msomaji, ilhali kingalimo katika matini ghafi. Mtafiti anayekusanya kopasi bila kukichuja huhesabu Kiingereza kilichokuwa kikisubiri tafsiri kuwa Kiswahili, na mshauri wa sera hupokea idadi iliyovimba. Heri aya ifutwe. Historia ya ukurasa huitunza.