Mama wa kwenye picha

Ramadhani ikiingia, kampuni huja Likoni na Kisauni na unga, mafuta ya kupikia na mpiga picha. Nikizitazama hizo picha, utunzi ni ule ule: mama kashika mfuko, nembo imegeuzwa kwetu. Hilo ni tangazo, bwana! Mwanamitindo angelipwa pesa. Mama kapewa unga. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara. Mwaka 2023 klabu ya Casa Vera, Nairobi, ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini mwenye njaa aliye kwenye foleni atakataaje? Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Basi watoe, kamera ibaki ofisini.