Kushitaki hospitali Minova: mwaka mmoja unaopita haraka

Tuseme mama wa Minova, mashariki mwa Kongo (DRC), alijifungua kwa upasuaji. Miezi 14 baadaye mganga mwingine anamtoa kitambaa kilichosahaulika tumboni. Familia inataka kushitaki. Imechelewa?

Kongo hutumia vifungu vya 52 hadi 54 vya Kanuni ya Adhabu, yaani kuua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Kuua ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Kujeruhi, siku 8 hadi mwaka 1. Kwa adhabu ndogo namna hiyo kesi huanzia Mahakama ya Amani, na ukomo wa mashitaka nao unakuwa mfupi: miaka 3 kwa kifo, mwaka 1 kwa jeraha. Saa huhesabiwa tangu siku kosa lilipotendeka, hata kama mgonjwa hakujua. Mama wetu amechelewa miezi miwili.

Na angewahi? Wengi hukimbilia parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, wakidhani kupeleka malalamiko kumetosha. Hapana. Kinachokatiza ukomo ni tendo la uchunguzi au la kushitaki. Barua iliyolala mezani kwa mwendesha mashitaka haihesabiki. Ndiyo maana napendelea mlalamikaji amwite mshitakiwa moja kwa moja mbele ya hakimu, akilipa kwanza gharama kwa karani. Hati ya wito ifike angalau siku 8 kabla ya kusikilizwa, na siku 1 zaidi kwa kila kilomita 100. Ubaya wake ni kwamba hakuna atakayekuchunguzia: ripoti ya upasuaji na cheti cha mganga wa pili unavileta wewe.

Mlango uliobaki kwa mama huyu ni madai ya fidia. Kifungu cha 258 cha sheria ya madai kinamlazimu aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe, na cha 260 kinamfikia hata mwajiri wake. Hapa ukomo ni miaka 30. Baraza la Waganga, lililoundwa mwaka 1968, linaweza kumwadhibu mganga, lakini fidia halitoi.

Minova iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na mahakama za Serikali zikavurugika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgonjwa wako akitoka hospitalini, omba nakala ya dosie yake siku hiyohiyo, ili ushahidi uwe mkononi mwako.