Cara Black na Kineno "na"

Wasifu wa mwanamichezo hupenda shujaa mmoja. Anazaliwa, anahangaika, anaanguka, anainuka, ananyanyua kombe. Sasa jaribu kumwandika Cara Black wa Zimbabwe kwa mtindo huo uone sentensi zitakavyokugomea. Wimbledon 2004 alishinda na Rennae Stubbs. Mwaka uliofuata, palepale, na Liezel Huber. Paris 2002, na kaka yake Wayne. Ukikifuta kineno "na", mchezaji mwenyewe anatoweka.

Wengi wanaomwandika hukwepa tatizo hili kwa kuhesabu: mataji kumi ya mashindano makubwa, matano na wanawake wenzake, matano na wanaume. Hesabu ni sahihi, ila hadithi iko wapi? Wakichoka na hesabu wanakimbilia familia. Baba, Don, aliyecheza Wimbledon. Viwanja vya nyasi nyumbani karibu na Harare. Kaka wawili, Byron na Wayne, nao mabingwa wa wawili wawili. Mwanzo mtamu, sibishi. Lakini unatueleza alikojifunza kucheza, hautuelezi aliwezaje kuaminiana na watu baki.

Kwangu mimi moyo wa hadithi uko New York, 2008. Black na Huber wanatwaa taji la wanawake. Mashindano hayohayo, fainali ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake: huku Black na Leander Paes wa India, ng'ambo ya wavu Jamie Murray na... Huber! Hebu fikiria. Mtu anayejua utaupeleka wapi mpira ukibanwa, kwa sababu miaka yote alisimama kando yako akikuona, leo anautumia ujuzi huo dhidi yako. Na wewe unazo siri zake. Black na Paes wakashinda. Mwandishi wa riwaya angekaa hapo sura nzima; waandishi wa michezo wamepitisha kwa mstari mmoja.

Mwaka 2010 Black na Huber wakaachana, na hapo napo kalamu zinaharakisha, au zinageuka umbea. Mbona? Sisi tuliolelewa na ngonjera tunajua kuwa beti za mmoja hazisomeki bila za mwenzake. Kuachana kwao si kiambatisho cha habari. Ni pale umbo lenyewe linapovunjika, na kila mmoja anabaki na nusu ya mazungumzo.

Atakayeandika kitabu chake, namwomba asimalizie kwenye orodha ya mataji. Amalizie Singapore, 2014. Black amesharudi uwanjani baada ya kuwa mama, yuko na Sania Mirza, na wote wawili wanajua haya ni mashindano yao ya mwisho pamoja. Wanacheza fainali dhidi ya Hsieh Su-wei na Peng Shuai, mabingwa watetezi. 6–1, 6–0.